Zamu ya Moto

Asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, wanaume wa Maore, kijiji cha bondeni, walipanda mlima mbio kuja kutuokoa, wakatukuta tunachinja mbuzi.

Walikuja na mapanga, majembe na magunia yaliyoloweshwa maji. Wengine walishika matawi mabichi ya kupigia moto. Kutoka bondeni walikuwa wameona moshi umefunika mgongo mzima wa mlima, kuanzia upande wa mfereji hadi kanisani, wakasema ndugu zetu wa juu wanateketea. Aliyetangulia alikuwa Mjomba Zefania, kaka yake mama yangu, mkulima wa mpunga. Alifika anahema, shati limemganda mgongoni, akasimama katikati ya ua wetu akageuka huku na huku.

"Iko wapi?"

"Nini, Mjomba?"

"Nyumba! Nyumba inayoungua!"

Baba alikuwa anachuna ngozi ya mbuzi. Aliinua kichwa, akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Shemeji, hapa hakuna nyumba inayoungua. Hizo ndizo nyumba zenyewe zinaiva."

Mjomba alitazama alikoonyeshwa. Kila ua ulikuwa na tanuri la matofali, na kila tanuri lilikuwa linafuka. Akaliweka gunia lake lililolowa kwenye ngazi ya mlango, akakaa juu yake.

"Basi nipeni maini," alisema, "maana mbio nilizopiga si za bure."

Mwanangu unayesoma haya, najua ninyi vijana mna jina la moshi ule. Mnauita hewa ukaa, na mnasema unapanda juu ukakaa huko ukiipasha dunia joto. Siwabishii. Lakini sisi siku ile tuliuita maendeleo, na ili usituone wajinga, sina budi nirudi nyuma kidogo.

Miaka iliyotangulia ilikuwa miaka ya kukosa. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Sukari ilifika duka la ushirika siku isiyojulikana, na ukikuta foleni unajipanga kwanza, ndipo unamuuliza wa mbele yako kinachouzwa. Bati lilihitaji kibali, na kibali kilihitaji kujuana na mtu wa wilayani Same. Kwa hiyo tuliishi kwenye nyumba za miti na udongo, paa la nyasi, na nyasi zikichoka zinavuja. Utoto wangu wote, mvua ikinyesha, kazi yangu ilikuwa kuhamisha sufuria kufuata tone. Mpaka leo nikisikia maji yanadondoka ndani ya chombo, mkono wangu unataka kwenda.

Bondeni nako viwanda vya mkonge vilikuwa vinakufa. Elisante, kijana aliyekuwa ananichumbia, alifanya kazi kwenye kimojawapo pamoja na watu wa Kigoma, wa Songea, wa Singida, watu waliokuja na masanduku ya bati kutafuta riziki. Alinisimulia kwamba kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, walikuwa wanatoka nje kutazama bomba la moshi la kiwanda. Moshi ukitoka, mashine zinazunguka na mshahara upo. Kisha dizeli ikawa haipatikani na vipuri haviji. Moshi ukakatika. Walikaa muda mrefu wakilitazama lile bomba kama watu wanaomtazama mgonjwa, halafu mmoja mmoja akafungasha. Elisante alirudi mlimani na blanketi lake.

"Tangu siku ile," aliniambia, "nikiona moshi nafurahi. Najua kuna mtu amekula."

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Kile kipindi watu walikiita cha ruksa. Mabati yakajaa kwenye maduka ya Same, saruji ikaja, mitumba ikaja, na malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda mpaka kwetu Myamba kufuata tangawizi. Tangawizi tuliyokuwa tunaipanda pembeni mwa migomba kwa ajili ya chai na kifua, sasa ilikuwa inaondoka kwa magunia kwenda kwa watu tusiowajua. Na kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtu alikitaka kwa fedha ile hakikuwa redio wala baiskeli. Kilikuwa paa lisilovuja.

Baba yangu alimweleza Elisante waziwazi.

"Kijana, mimi sina neno nawe. Unafanya kazi, unaheshimu watu. Lakini binti yangu amekinga maji kwa sufuria tangu utoto. Hatoki hapa akaenda kukinga kwako."

"Nimeelewa, mzee."

"Tofali la kuchoma, na bati. Ukimaliza, walete washenga wako."

Kwa hiyo harusi yangu, mwanangu, ilikuwa inasubiri tofali liive. Niliwahi kumwona Elisante anafyatua matofali huku mvuke unamtoka kichwani kwa baridi ya asubuhi, anakanda udongo kwa miguu, anajaza kalibu, anaanika. Alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa naleta maji kutoka mfereji, na sikuwa naleta kidogo.

Tofali bichi halipendi mvua. Likinyeshewa linarudi kuwa tope. Ndiyo maana mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli, kila mwenye matofali aliyapanga tanuri, akaacha midomo ya kutilia kuni, akakandika tope pembeni, akawasha. Kila mtu uani kwake, tanuri la ukubwa wa uwezo wake. Mwaka ule, kwa sababu ya tangawizi, waliowasha walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Hiyo ndiyo asubuhi ambayo Maore walituona, tukiwa tumechinja mbuzi kwa furaha ya moto ule.

Alipomaliza kula, Mjomba alisema atateremka kwa njia ya ndiva, na mimi nikamsindikiza. Ndiva, kwa wewe uliyekulia mjini, ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Linafungwa jioni, linajaa usiku, linafunguliwa alfajiri, na watu wanamwagilia kwa zamu. Aliyesimamia zamu alikuwa Mzee Mbonea. Tulimkuta amekaa ukingoni, fimbo iko magotini.

"Shikamoo, mzee," alisema Mjomba.

"Marahaba. Nasikia umekuja na gunia kuzima harusi za watu."

"Nilikuja na gunia la maji, naondoka na tumbo la nyama. Sina hasara."

Walicheka wote wawili. Kisha Mjomba akatazama ndani ya ndiva, na uso wake ukabadilika.

"Mzee, mbona iko nusu? Au umeshafungulia?"

"Sijafungulia. Haikujaa."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana ilianza kusuasua. Mwaka huu imezidi."

Mjomba aligeuka akatazama bondeni. "Maji yakishapita kwenu ndipo yananifikia mimi. Mpunga wangu hauna mama mwingine."

"Najua."

Mzee Mbonea aliinua fimbo akaonyesha mteremko wa juu. Visiki vilikuwa vimejaa, vyeupe, vipya. Juu yake zaidi kulikuwa na mpungi, ule msitu mdogo wa ukoo, mweusi, haujaguswa, na chini ya mizizi yake ndipo chemchemi yetu inapotokea.

"Nyumba nazipenda," alisema. "Paa langu mimi linavuja kuliko lenu. Ila naona tunakula kuni kama watu walioalikwa kwenye shughuli ya mwisho duniani."

Sikuyatilia maanani sana maneno yale. Nilikuwa natazama moshi wa tanuri la Elisante upande wa pili wa kilima, nikihesabu vyumba moyoni.

Tanuri lilipopoa tukaenda kulifungua. Matofali ya katikati yalikuwa mekundu, mazuri. Lakini yale ya pembeni yote, na kwenye tanuri dogo pembeni ndiyo sehemu kubwa, yalikuwa yamepauka kama mkate uliotolewa mapema. Moto mwingi ulikuwa umetokea ubavuni ukaenda zake. Haikuwa kwake peke yake. Karibu kila ua hadithi ilikuwa moja. Vuli ikaingia kwa fujo. Elisante aliyafunika matofali yake kwa majani ya migomba, akawa anakimbia huku na huko kama mtu anayefukuza kuku, lakini yaliyopauka yalimomonyoka mikononi mwake. Yaliyobaki hayakutosha hata kuta za chumba kimoja.

Alikaa juu ya yale mekundu, amelowa, akaniambia, "Miti yote ile. Tumekata miti yote ile."

Ilibidi afyatue upya na kungoja kiangazi kingine. Na kiangazi kilipofika, kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Hapo ndipo macho ya watu yalipoanza kupanda mteremko, yakapita visiki, yakatua kwenye mpungi.

Mpungi ule ulikuwa wa ukoo wa akina Elisante. Zamani ulikuwa mahali pa matambiko, na hakuna aliyeokota hata ukuni ndani yake. Lakini watu wengi walikuwa wameshaingia kanisani, matambiko yameachwa, na vijana walianza kuuliza sasa unalindwa kwa sababu gani. Wazee wa ukoo walikaa, wakamwita Elisante, wakamwambia, kata kiasi chako, uoe. Alipokuja kunieleza, nilikuwa nataka nyumba. Nilikuwa pia mmoja wa wachota maji.

Kabla shoka halijapanda, Mzee Mbonea akapiga pembe ya msaragambo. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, na pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu. Tukadhani ni kuzibua mfereji. Tukafika ndivani na majembe na machepe.

"Wekeni chini," alisema. "Leo tunachimba kwa mdomo."

Watu wakakaa kwenye majani. Aliuliza swali moja tu: mwaka huu tutachoma kwa kuni zipi? Kila mtu alijua jibu na hakuna aliyetaka kulisema mbele ya maji. Elisante ndiye aliyesimama.

"Mzee, kwa heshima yako. Unataka tukae kwenye nyasi ili ndiva ijae?"

Baadhi ya watu waliguna, lakini wengi waliinamisha vichwa, kwa sababu hilo ndilo swali lililokuwa kifuani mwa kila mmoja.

"Nani amekwambia ukae kwenye nyasi?" alijibu Mzee Mbonea. "Mimi mwenyewe sitaki kufia kwenye nyasi. Hebu nijibu wewe. Haya maji ni ya nani?"

"Yetu sote."

"Tunayatumiaje?"

"Kwa zamu."

"Tuseme kila mtu angejichimbia kidimbwi chake uani, mfereji ukagawanywa vipande vipande. Wewe shamba lako liko mwisho. Ungepata nini?"

"Matope," alisema Elisante, na watu wakacheka.

"Basi moto tumeufanya hivyohivyo. Kila mtu na katanuri kake. Nusu ya kuni zetu zimepasha upepo, na nusu ya matofali yetu yamekwenda na mvua. Sisemi msichome. Nasema tuchome pamoja. Tanuri moja kubwa pale uwanjani, nyumba kadhaa kwa mara moja, wengine wangoje zamu yao."

Mama Nanzia, mjane aliyekuwa na mdomo mkali kuliko wote kijijini, akasimama na kanga kiunoni.

"Na tofali langu nitalijuaje katikati ya matofali ya watu? Nisije nikamjengea jirani nyumba kwa jasho langu!"

"Lichore alama kabla halijakauka."

"Mimi sijui kuchora."

"Liume basi. Meno yako yanajulikana kijiji kizima."

Hata yeye mwenyewe alicheka. Lakini kicheko kilipotulia aliuliza lile lililokuwa gumu kuliko yote: nani ataanza?

Hapa, mwanangu, ndipo nilipoanza kumheshimu mtu yule kwa namna ambayo sijaacha mpaka leo. Kwenye maji alikuwa na utaratibu wake. Kiangazi kikikaza, hakuanza na mwenye shamba la karibu. Alianza na yule wa mwisho, ambaye maji huwa yanamfikia yamechoka. Akasema moto nao utakwenda hivyo. Ataanza mwenye paa bovu kuliko wote.

"Na wewe?" Mama Nanzia akamuuliza. "Paa lako si ndilo bovu?"

"Mimi nitafunga mlango. Wakishaingia wote."

Bado kuni hazikutosha, hata kwa tanuri moja. Elisante alilisema hilo. Na hapo nikajikuta nimesimama, mimi ambaye sikuwa nimewahi kusema kitu mbele ya mkutano. Nilikuwa nauza tangawizi barabarani, na nimezoea kutazama. Nilisema kwamba lori linapanda tupu. Linateremka na tangawizi, lakini kupanda linapanda tupu. Na kule Maore, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kuna vilima vya pumba ambavyo watu wanavitia moto ili viondoke njiani tu.

"Rudia," alisema Mzee Mbonea.

Nikarudia.

Hakunisifu. Alimgeukia baba yangu. "Shemeji yako wa gunia bado anajua mbio?"

Mjomba Zefania ndiye aliyeongea na dereva wa lori, mtu wa Tanga asiyependa kupoteza muda. Dereva alisema mkinipakilia tangawizi yangu upesi, mimi nitawapandishia takataka zenu. Ndivyo ilivyokuwa. Dizeli ile ingeungua tu, lori liwe tupu au lijae, sisi tulilijaza.

Tanuri la kwanza lilichukua matofali ya Mama Nanzia na ya familia chache nyingine. Elisante hakuwamo. Paa la mama yake lilivuja, lakini yalikuwapo yaliyovuja zaidi. Zamu yake ilikuwa mwaka unaofuata. Jioni ile alikuja nyumbani akasimama mbele ya baba, hakutaka hata kukaa.

"Mzee, ukoo wangu umenipa miti ya mpungi. Nikikata kesho, naoa kabla ya Krismasi. Nikingoja zamu, ni mwakani. Wewe ndiye uliyeweka sharti. Sema."

Nilijua baba anafikiria nini: mwaka ni mwaka, na kijana aliyengojeshwa anaweza kuchoka. Baba akanigeukia mimi.

"Sufuria bado ipo?"

"Ipo, baba."

"Utaweza kukinga mwaka mmoja zaidi?"

Nilimtazama Elisante. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa udongo. Nikasema, "Nimeshazoea."

Ndiyo yote niliyosema, na mpungi ukabaki umesimama.

Mwaka uliofuata matofali yake yaliingia tanurini, kila moja na mistari miwili ya kidole. Midomoni tulitia kuni za mikaratusi ya kando ya barabara, na katikati ya matofali tulimwaga pumba. Lilipofunguliwa, Elisante alichukua matofali mawili akayagonganisha, yakalia kama kengele. Akaniangalia kutoka upande wa pili wa uwanja, akayagonganisha tena bila sababu. Naandika haya nikiwa nimekaa ndani ya nyumba ile. Nikipapasa ukuta nyuma ya kitanda, mahali plasta ilipobanduka, naisikia ile mistari miwili.

Mjomba alipanda tena siku ya harusi, safari hii bila gunia. Alipoulizwa mbona amechelewa alisema hakuona moshi, akadhani tumeghairi.

Ningeishia hapo, mwanangu, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini nataka ujue ukweli, na ukweli una mkia.

Tofali lilipokuwa rahisi kuiva, waliolitaka wakaongezeka. Mtu ambaye zamani asingethubutu kuwaza nyumba ya kuchoma sasa alijiunga na zamu. Baada ya nyumba ikaja jiko la nje, duka, kanisa jipya, madarasa, nyumba ya mtoto aliyeko Dar es Salaam ambaye anakuja Krismasi tu. Kila nyumba ilikula kuni chache kuliko zamani, hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini tanuri halikupata tena muda wa kupoa. Na Mzee Mbonea, aliyesema atafunga mlango, kila zamu ilipomkaribia, mbele yake walisimama wapya wenye mapaa mabovu. Sheria yake mwenyewe ilikuwa inamsukuma nyuma.

Nilimpitia siku moja nikiwa na mwanangu wa kwanza mgongoni. Alikuwa ameshachoka kungoja. Alikuwa amejenga kwa matofali yake mabichi, akayapiga lipu ya udongo, na juu akaweka bati lenye mdomo mrefu sana kila upande, kama mtu aliyeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, ili mvua isiguse ukuta.

"Mzee, hukupata zamu," nilimwambia, na nilitaka kulia.

"Nani kasema? Bati ninalo. Halivuji."

"Lakini kuta ni mbichi."

"Na mimi je, nimeiva?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mama Zefania," aliniita kwa jina la mtoto wangu, tuliyemrithisha jina la Mjomba, "nilidhani nimepata dawa. Kuni za kila nyumba tumezipunguza. Lakini zidisha kwa nyumba zote unioneshe. Ndiva inahesabu jumla. Haijui ya mtu mmoja mmoja."

Nyumba ile ya udongo bado imesimama. Yeye alifia humo, pakavu. Wajukuu wake sasa wana uwezo na wanataka kuibomoa wajenge ya kuchoma, na siwalaumu.

Sasa nikuambie ninachotaka ukibebe. Usimwamini mtu anayekwambia ungebaki kwenye nyasi. Nimelala chini ya nyasi zile; aliyezisifu hakukinga maji kwa sufuria. Kutaka nyumba, taa, mashine na barabara si dhambi, na moshi wetu wote tangu siku ile ya mbuzi ni mdogo mbele ya moshi wa nchi ambazo zilijenga zamani na sasa zinatuhubiria. Lakini usifanye kosa la lile bomba la kiwanda, ukadhani moshi ndio chakula. Chakula kilikuwa kazi ya mikono ya watu. Moshi ulikuwa tu kile kilichopotea njiani. Ukiona kitu kizuri kinakuja, kipokee, halafu uliza kinaungua nini, na kama kuna lori linalopanda tupu. Ukianza kupata nafuu, anza na mwenye paa bovu. Na ukishapunguza chako ukajipongeza, inuka ukatazame jumla, kwa sababu huko ndiko tulikochelewa sisi. Kungoja mwaka mmoja hakujaniua. Kumenipa msitu wa kuwaonyesha wajukuu.

Mungu akupe nyumba isiyovuja, mwanangu, na maji ya kutosha kunywa ukiwa ndani yake. Akupe mume au mke atakayeweza kungoja zamu, na majirani wenye mdomo kama wa Mama Nanzia, ili usikose wa kukuuliza.

Jana alfajiri nilitembea na mkongojo wangu mpaka ndivani. Mpungi uko palepale, mweusi, ndege wanalia ndani yake. Penye visiki vya mteremkoni sasa pamesimama mikaratusi. Wengine wanasema mikaratusi ndiyo inayonyonya maji, wengine wanasema ni mvua zilizobadilika dunia nzima, na wengine wanasema ni sisi na tanuri letu. Kijana anayesimamia zamu siku hizi alikuwa bado hajafungulia; alinisalimia, akasogea ili nione ndani ya ndiva.

Ilikuwa nusu.